Padri Anayerudi Kwao Kutoka Ng'ambo



Kila mwaka diosezi zetu za Kivu zinapokea mapadri na masista waliomaliza masomo yao ng'ambo, Roma, Louvain, Paris na pengine. Wengine wanarudi baada ya miaka mitatu, wengine baada ya kumi. Siku ya kurudi kuna ngoma, kuna Misa ya shukrani, kuna mbuzi. Juu ya siku ile hatuna neno la kuongeza, maana watu wa kwetu wanajua kupokea mgeni. Tunataka kusema juu ya miezi inayofuata, ambayo hakuna mtu anayeipigia ngoma. Katika miezi ile tunaona mara nyingi jambo moja. Padri aliyekuwa akitamani kwao kwa machozi anaanza kununa. Jioni haketi na wenzake. Kila neno lake ni "kule Ulaya", ao ananyamaza kabisa na kufunga mlango wa chumba chake. Nao waliobaki wanakata neno upesi: "Ni kiburi. Ulaya imemharibu."

Neno hili la kiburi ndilo tunataka kulipima hapa. Kiburi kipo, hatukani. Ni zambi ya zamani kuliko ndege na viza. Lakini sehemu kubwa ya mateso ya anayerudi si kiburi. Ni kama homa yenye sababu zake, yenye njia yake na wakati wake, na asiyejua sababu atatoa dawa isiyofaa. Ukimhubiri mgonjwa wa malaria juu ya unyenyekevu, atakusikiliza kwa heshima, na joto litabaki pale pale.

Wenye elimu wanavyoeleza

Kalervo Oberg, mzaliwa wa Kanada, ambaye zamani alichunguza ufalme wa Ankole katika Uganda, si mbali na sisi, alitoa mafundisho mwaka wa 1954 kule Rio de Janeiro juu ya taabu ya mtu anayehamia katika inchi ya wengine. Mafundisho yale yalichapwa mwaka wa 1960 katika gazeti moja la wamisionari. Alieleza kwamba mtu anayeingia katika inchi ngeni anapoteza alama ndogo-ndogo zinazomwongoza kila siku: namna ya kusalimu, wakati wa kutoa feza na wakati wa kuacha, ginsi ya kukubali mwaliko ao kuukataa bila kuchukiza mtu. Nyumbani alama hizo tunazifuata bila kufikiri, kama vile tunavyopumua. Zikikosa, mtu anachoka, anaogopa, na mwisho anakasirikia inchi nzima pamoja na mkate wake.

Mwaka wa 1955 mtu wa Norvège, Sverre Lysgaard, aliwachunguza watu wa kwao waliokwenda kusoma na kufanya kazi Marekani. Aliona kwamba njia yao ina umbo la herufi U: kwanza furaha, kisha kushuka, kisha kupanda tena pole pole. Halafu mwaka wa 1963 John Gullahorn na mke wake Jeanne, wa Marekani, wakaongeza jambo linalotuhusu zaidi. Waliona kwamba yule aliyekwisha kupanda anashuka mara ya pili anaporudi kwao. U mbili zikifuatana ni W. Mwalimu akitaka kuwaeleza hayo watu wa shirika lake, haitaji ubao. Awakumbushe tu njia ya Sake kwenda Masisi. Unashuka bonde, unapanda mlima, unazani umefika, na mbele yako kuna bonde lingine.

Kwa nini bonde la pili linauma kuliko la kwanza? Jibu zuri zaidi ninalolijua lilitolewa na Alfred Schütz, mtu wa Vienna aliyekimbia utawala wa Hitler na kufika Marekani mwaka wa 1939. Mwaka wa 1945, wakati maaskari walipokuwa wakirudi kwao kutoka vitani, aliandika juu ya mtu anayerudi nyumbani. Alisema hivi, kwa maneno yangu: anayekwenda ugenini anajua kwamba anakwenda kwa wageni, naye anajitayarisha. Lakini anayerudi kwao anazani anarudi mahali anapopajua, kwa hiyo hajitayarishi hata kidogo. Alileta mfano wa Ulisi wa hadisi za Wayunani, ambaye mabaharia walimlaza pwani ya kisiwa chake mwenyewe akiwa katika usingizi. Alipoamka hakukitambua, akauliza amefika inchi gani.

Maana watu wanaokaa pamoja wanabadilika pamoja, kidogo kidogo, wala hawaoni. Lakini mtu akiondoka, kila upande unabaki na picha. Padri kule Roma anashika picha ya Goma ya siku ile alipopanda ndege. Goma inashika picha ya padri kijana wa siku ile ile. Picha zote mbili zinakaa miaka bila kuguswa. Siku ya kurudi, kila mmoja anasalimu picha, na anayejibu ni mtu mwingine. Hapo hakuna mwenye kosa. Lakini kila mmoja anaona kama mwenzake amemdanganya.

Tukumbuke pia kwamba jambo hili halikuanza na sisi, wala si la Waafrika peke yao. Wamisionari wengi wazee, waliporudi Ubelgiji ao Ufaransa baada ya miaka selasini ya kazi, walijisikia wageni katika nyumba za ndugu zao. Wengine waliomba kurudi kufa huku. Na kwetu Kongo, padri wa kwanza aliyerudi kutoka ng'ambo alikuwa Henrique, mwana wa mfalme Afonso wa Kongo. Alipelekwa Lisbon akiwa kijana mdogo. Mwaka wa 1518 Papa Leo wa 10 alimchagua kuwa askofu wa jina la Utica. Mwaka wa 1521 alirudi kwao. Hakudumu na nguvu: afya yake ilikuwa zaifu, naye alikufa baada ya miaka kama kumi hivi. Miaka mia nne imepita, na Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo ya sasa, aliyepewa upadri mwaka wa 1917 kule Baudouinville, alifika Ulaya mwaka wa 1920 pamoja na Monsenyeri Roelens. Yeye alirudi akaendelea na kazi kati ya watu wake mpaka kufa kwake mwaka wa 1951. Ninapenda kuwaweka wawili hawa karibu-karibu. Mmoja aliondoka mtoto akarudi askofu. Mwingine aliondoka mtu mzima, mwenye kazi yake na lugha yake, na safari yake ilikuwa fupi. Umri wa kuondoka na urefu wa kukaa vinahesabiwa sana katika taabu hii, na maaskofu wanaochagua vijana wa kutuma wanajua sababu.

Goma haimngoji mtu

Kuna miji ambayo mtu anaiacha miaka kumi na anaikuta palepale. Goma si ya namna ile. Padri aliyeondoka mwaka wa 2001 aliacha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu limesimama. Tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ilitapika, na moto ule wa mawe ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, ukaharibu kanisa kuu, ukafunika maduka na sehemu ya uwanja wa ndege. Aliporudi, watu walikuwa wamekwisha kujenga nyumba juu ya mawe yale yale meusi. Walipita pale wakicheka na kuuza ndizi, maana wao walilia wakati wa kulia. Yeye peke yake alisimama njiani akitafuta kwa macho mahali alipobatiziwa, na watoto wakamshangaa.

Aliyeondoka mwaka wa 2019 alikosa tarehe 22 ya mwezi wa tano 2021, wakati mlima ulipotapika tena usiku, na siku tano baadaye watu wa sehemu nyingi za mji wakaamriwa kuondoka, wakatembea kwenda Sake, Rutshuru na Gisenyi. Aliyeondoka mwaka wa 2023 alikosa mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati M23 walipouteka mji baada ya mapigano makali. Maji na umeme vilikatika, mama na watoto wakateka maji ziwani na bidoni za manjano, wafu wakazikwa kwa haraka, uwanja wa ndege ukafungwa, mabanki yakafunga milango. Mtu aliyerudi katika mwaka ule alishuka Kigali, akapanda gari, akavuka Barrière kubwa kwa miguu akivuta sanduku lake.

Aliye mbali alisikia hayo yote kwa simu. Aliona picha, hakulala sakafuni na watoto wa jirani wakati risasi zilipopita juu ya mabati. Pengine aliteswa zaidi ya waliobaki, kwa sababu usiku kule Ulaya simu haipati mtu na mawazo hayana mwisho. Lakini mateso ya namna hii hayahesabiwi na wengine. Siku moja, katika maneno ya kawaida tu mezani, mwenzake atamwambia: "Wewe hukuwako." Neno hili linachoma kuliko yote. Lina haki yake, kwa hiyo hawezi kulijibu. Mapadri wawili niliozungumza nao walianza kufunga mlango wa chumba baada ya neno hili, wala hawakumwambia paroko sababu. Naye paroko aliandika katika moyo wake: kiburi.

Tuelewe basi kwa nini maneno ya kulinganisha yanaumiza hata yakiwa ya kweli. Kwamba kule maji ya bomba hayakosi, ni kweli. Kwamba gari la abiria linaondoka kwa dakika iliyoandikwa, ni kweli. Lakini anayesikiliza ni mama aliyeteka maji ziwani wakati wa mapigano, na kwake neno lile linasikilika hivi: ninyi mmekaa katika ubaya, mimi nilikaa katika wema. Tena mara nyingi aliyerudi anasahau ubaya wa kule, yaani majira ya baridi, Misa ya siku ya juma yenye wazee saba, jirani wa mlango wa pili asiyejulikana jina. Akiwa Roma alisifu Goma; akiwa Goma anasifu Roma. Picha inasafiri kinyume chake.

Na kuna kulinganisha kumoja ninakokukataa kabisa: kusema kwamba uaminifu katika kazi ni desturi ya Ulaya, na rushwa ni desturi ya kwetu. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui alikuwa mtoto wa Goma, mtumishi wa ofisi ya serikali inayochunguza bidhaa mpakani. Alikataa feza za kuachilia chakula kilichooza kipite, akauawa mwezi wa saba 2007, naye alitangazwa Mwenyeheri tarehe 15 ya mwezi wa sita 2025 katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta za Roma. Uaminifu wake aliupata hapa, katika jamaa na parokia, na Roma ndiyo iliyokuja kujifunza kwake.

Wafu ambao hakuwalilia

Kati ya sababu zote, hii ni ile tunayoisahau zaidi. Mtu anayekaa miaka mitano ng'ambo anafiwa. Baba mdogo, nkambo, mwenzake wa seminari, katekista aliyemfundisha sala. Habari inafika kwa simu, kati ya masomo mawili. Anasoma Misa kwa ajili ya marehemu katika kapela ya koleji, pamoja na watu wasiomjua marehemu, na kesho yake ana mtihani. Kwetu matanga si maneno matupu. Watu wanakaa pamoja chini, wanakula pamoja, wanasema mema na hata mabaya ya marehemu, wanagawa kazi zake, na kwa kufanya hivyo kifo kinapata mahali pake. Aliye mbali hakukaa chini. Kwa hiyo, kwake yeye, wale watu hawajafa sawasawa. Anarudi, anaingia katika lupango lao, na kiti kimoja kiko wazi. Wengine wamezoea kukipita, yeye anakiona kila saa.

Nimemwona padri mmoja akilia katika ndoa ya dada yake, na watu wakazani ni furaha. Alikuwa akimlilia mama yao, aliyezikwa miaka mitatu mbele. Hakuna aliyempeleka kaburini, maana kila mmoja alifikiri jambo lile limekwisha.

Kitabu cha Ruta kinatuonyesha mtu wa namna hii. Noemi alitoka Betlehemu wakati wa njaa, akakaa Moabu miaka kumi, akazika huko mume na wana wawili. Aliporudi, mji mzima ulishtuka na wanawake wakaulizana kama ni yeye. Naye alikataa jina lake la zamani, jina lenye utamu, akaomba aitwe kwa jina la uchungu. Wahubiri wengi wanapita upesi hapo ili wafike kwa Ruta na Boazi. Mimi ninaomba wakae kidogo. Wanawake wa Betlehemu walimwuliza Noemi wa picha. Aliyejibu ni Noemi wa kweli. Maandiko hayamhukumu kwa uchungu wake. Kisha yanaeleza kwamba ulikuwa mwanzo wa mavuno ya shayiri, yaani kazi iliyoanza kumrudisha kati ya watu ilikuwa kazi ya shamba, iliyofanywa na mkwe wake, pole pole, majira mazima.

Katika kitabu cha Esdra kazalika: msingi wa Hekalu ulipowekwa baada ya uhamisho wa Babeli, watu wengi walipiga kelele za furaha, na wazee waliokuwa wameona Hekalu la kwanza walilia kwa sauti kubwa, hata watu hawakuweza kutofautisha kilio na shangwe. Wote walikuwa wakitazama mawe yale yale.

Kazi za kila siku

Mambo mengine ni madogo, lakini ni mengi, na wingi wao unachosha. Kule alizoea mahubiri ya dakika nane. Hapa, katika Misa kwa kawaida ya diosezi zetu, iliyokubaliwa na Roma mwaka wa 1988, watu wanaimba, wanacheza, wanaleta matoleo kwa maandamano, na mhubiri wa dakika nane anaonekana kama mtu asiyejitayarisha. Kule mtu hagongi mlango wa mwingine bila kupatana naye kwanza, hapa watoto wanaingia, mama wa shirika anaingia, na padri anayeuliza "kuna nini?" amekwisha kuumiza, kwa sababu hakuna kitu, walikuja kumsalimu tu. Hata lugha inamtoroka. Anatafuta neno la Kiswahili na kinywa kinaleta la Kitaliano. Watu wanazani anajionyesha, kumbe anaona haya.

Juu ya feza tuseme wazi. Mapadri wengi wanaosoma ng'ambo wanaishi kwa bursi ndogo na kwa Misa za likizo katika parokia za vijijini. Lakini picha walizotuma zilionyesha marumaru na chemchemi. Padri anarudi na sanduku mbili, moja na nusu ni vitabu. Yaya wake anangoja juma mbili, kisha anamwuliza kwa upole kama gari linakuja kwa bahari, kupitia Mombasa ao Dar es Salaam. Padri anacheka, yaya hacheki. Huyu yaya ndiye aliyelisha wazazi wakati ule wote, naye alikuwa na haki ya kutumaini jambo fulani. Ni bora padri aeleze hesabu zake kwa jamaa mapema, katika mwezi wa kwanza, kwa vitambulisho na karatasi kama inahitajika, kuliko kuwaacha wafikiri kwamba ameficha.

Kuna mwisho jambo la kazi. Mtu alitumwa kusoma Maandiko Matakatifu katika Taasisi ya Biblia ya Roma, ile iliyoanzishwa mwaka wa 1909. Alijifunza Kiebrania na Kigiriki kwa jasho. Anarudi, na diosezi inahitaji mtu wa kusimamia ujenzi wa shule. Utii ni utii, na mara nyingi askofu hana mtu mwingine. Lakini asipomweleza neno, padri huyu atajisikia kama chombo kilichonunuliwa kwa bei kubwa na kuwekwa stooni. Ndipo barua kutoka parokia fulani ya Ulaya inayokosa padri inapoonekana kama sauti ya Mungu. Mwaka wa 1957, kwa barua Fidei donum, Papa Pio wa 12 aliwaomba maaskofu watume mapadri Afrika. Leo njia hii inapitwa kwa pande zote mbili, na kusaidia Eklezya nyingine ni jambo jema. Lakini kuondoka kwa ajili ya utume na kukimbia bonde la pili la W ni vitu viwili, hata kama tiketi ni moja.

Tarehe 25 ya mwezi wa nne 2001, idara ya Roma inayosimamia uenezaji wa Evanjili ilitoa maagizo juu ya kutumwa na kukaa ng'ambo kwa mapadri wa diosezi za inchi za misioni. Inataka maaskofu wa pande mbili wapatane kwa maandiko. Vema. Ila mapatano ya kuondoka tunayaandika. Mapatano ya kurudi ni nani anayeyaandika?

Tufanye nini

Kwa maoni yangu, padri aliyekaa ng'ambo zaidi ya miaka miwili asipewe kazi kubwa katika miezi mitatu ya kwanza. Akae katika parokia chini ya paroko mwenye subira, kama vikari wa kawaida. Watu watasema ni kupoteza wakati wa daktari. Lakini daktari anayevunjika baada ya mwaka mmoja anapotea zaidi. Miezi ile atembee kwa miguu. Aende pamoja na Mwalimu katika kapela za mbali, na Mwalimu atangulie, maana wakati wote ule ndiye aliyeongoza sala ya Dominika, ndiye anayejua nani ameoa, nani amekimbia, nani harudi tena mezani pa Bwana na kwa sababu gani. Mwalimu asione haya kumfundisha Padri. Na Padri amwite Mwalimu kwa kweli.

Apelekwe makaburini. Asiachwe aombe mwenyewe. Jamaa ao wenzake wamchukue, wakae chini pamoja naye, na kila marehemu asemewe habari zake tangu kuugua mpaka kuzikwa. Kazi hii inaweza kuchukua siku nzima, nayo ni ya lazima kuliko sikukuu ya mbuzi.

Apewe mtu mmoja wa kumwambia yote, hata maneno mabaya juu ya Goma na juu ya maaskofu. Huyo asikilize bila kumrekebisha. Nje ya masikio hayo, aliyerudi afunge kulinganisha kama vile tunavyofunga nyama wakati wa Kwaresima. Baada ya miezi michache ataona ni mambo gani mawili ao matatu ya kule yanafaa kweli huku, na mengine yatakuwa yamejifia yenyewe. Baada ya mwaka ndipo atoe habari mbele ya wote. Hata Paulo na Barnaba, waliporudi Antiokia, walikusanya Eklezya na kusimulia yale Mungu aliyoyafanya pamoja nao. Walisimulia kazi ya Mungu, si barabara za Wagalatia.

Bwana wetu mwenyewe alirudi Nazareti, kwa watu waliomjua kama mwana wa seremala, na Marko anaandika kwamba hakuweza kufanya miujiza pale, ila kuwaponya wagonjwa wachache. Hatuwezi kuondoa kabisa ugumu wa kurudi. Lakini wale wagonjwa wachache waliponywa, na inafaa paroko amwonyeshe ndugu yake aliyerudi wagonjwa wachache wa namna hii, mapema.

Wafratri na makatekista watakutana pia na wengine wanaorudi bila digri wala ngoma: kijana aliyefukuzwa Ulaya na kushushwa uwanjani bila sanduku, mfanyabiashara aliyefilisika Dubai, jamaa iliyokaa miaka ishirini katika makambi ya Uganda na kukuta shamba lake linalimwa na mwingine, wakimbizi wa Masisi na Rutshuru walioacha makambi ya kando ya Goma mwaka wa 2025 na kukuta mlango wa nyumba umechomwa kuni. Bonde ni lile lile, ila kwao ni refu zaidi, na hakuna askofu anayewangoja. Kiti katika shirika, jina kuitwa katika sala ya watu, mtu wa kuwapeleka kaburini: hayo yanawezekana hata katika kapela isiyo na franga moja.

Na matayarisho yanaanza mbali, kabla ya ndege ya kurudi. Parokia iliyomtuma mwana wake ng'ambo imwandikie kila baada ya miezi mitatu. Leo simu inabeba barua bila stempu, hakuna sababu ya kukosa. Asiandikiwe salamu tu na maombi ya feza. Aandikiwe bei ya unga na ya makala, njia iliyofungwa, kapela iliyoanguka, Mwalimu aliyeacha kazi, wimbo mpya ambao vijana wanaimba, ugomvi wa kamati, na majina ya wote waliokufa tangu barua ya mwisho, pamoja na mahali walipozikwa.